Sheria za Majimbo ya Marekani Kuhusu Shule, Kodi na Leseni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya nimewaandikia Waswahili wanaoishi Marekani, kuanzia Louisville na Columbus hadi Dallas, Boise na Minneapolis, pamoja na ndugu zao walioko nyumbani ambao huona habari za Washington kwenye runinga wakadhani kila jambo huamuliwa kule. Mengi yanayogusa sahani ya chakula, daftari la mtoto na kazi ya mikono huamuliwa kwenye mji mkuu wa jimbo, mara nyingi na watu ambao hatujawahi kusikia majina yao.

Kwa nini kila nikiuliza kuhusu sheria naambiwa "inategemea uko jimbo gani"?

Kwa sababu ndivyo nchi ilivyoundwa. Marekebisho ya Kumi ya Katiba, yaliyoanza kutumika mwaka 1791, yanasema kwamba mamlaka ambayo Katiba haikuipa serikali kuu wala kuyakataza kwa majimbo yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Elimu haitajwi popote katika Katiba hiyo. Mwaka 1973 wazazi wa San Antonio, Texas, walilalamika kwamba shule za mitaa maskini zinapata fedha kidogo kuliko za matajiri. Mahakama Kuu ya nchi iliwakatalia kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema elimu si haki ya msingi chini ya Katiba ya taifa. Tangu hapo kesi za fedha za shule hupelekwa zaidi mahakama za majimbo, kwa kutumia katiba za majimbo.

Mtanzania aliyezoea wizara moja, mtaala mmoja na mtihani mmoja wa darasa la saba hushangaa. Mkenya naye asidhani ni kama kaunti zake 47. Katiba ya Kenya ya 2010 iliziachia kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, ila shule za msingi na sekondari zilibaki Nairobi. Marekani ni kinyume chake: serikali kuu kwa kawaida huchangia takriban moja ya kumi tu ya fedha za shule za umma, na nyingine hutoka jimboni na mtaani.

Nani hasa hutunga sheria hizi?

Bunge la jimbo, kisha gavana hutia saini au hukataa. Majimbo 49 yana mabunge yenye nyumba mbili. Nebraska pekee ina nyumba moja, tangu 1937. Wengi wa wabunge hawa si wa kudumu. Bunge la Texas hukutana kwa siku 140 tu, katika mwaka usiogawanyika kwa mbili. New Hampshire ina wawakilishi 400, na kila mmoja hulipwa dola 100 kwa mwaka. Mbunge wa jimbo lako huenda ni fundi bomba, mwalimu mstaafu au mwenye shamba, na huenda anaishi mtaa wa pili kutoka kwako.

Katika karibu nusu ya majimbo, wananchi wenyewe wanaweza kukusanya saini na kuleta pendekezo la sheria lipigiwe kura.

Nasikia Texas hakuna kodi ya mapato. Nihamie huko?

Ni kweli, Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo. Vilevile Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Wyoming, na jimbo la Washington (siyo mji mkuu wa nchi) kwa upande wa mishahara (jimbo hilo hutoza faida kubwa ya mauzo ya hisa na mali kama hizo). Kodi ya mapato ya serikali kuu inabaki palepale, popote utakapoishi.

Lakini jimbo lisilochukua huku litachukua kule. Texas hutoza kodi ya mauzo ya asilimia 6.25, na ukijumlisha ya mji inaweza kufika 8.25. Kodi zake za majengo ni miongoni mwa zinazolalamikiwa sana nchini. Tennessee hutoza asilimia 4 ya jimbo hata kwenye unga na maziwa. Oregon ni kinyume: ukinunua kitu unalipa bei iliyoandikwa, bila senti ya nyongeza, ila mshahara wako utakatwa.

Kwa mtu wa kipato cha chini hili ni jambo zito. Mwenye mshahara mdogo hutumia karibu wote kununua vitu, kwa hiyo kodi ya mauzo humla sehemu kubwa zaidi ya kipato kuliko inavyomla tajiri.

Wengine huniambia: "Mimi nimepanga, kodi ya majengo hainihusu." Lugha yetu huita vyote viwili kodi, ile ya serikali na ile ya pango, na hapa lugha imegonga ukweli. Mwenye nyumba akiongezewa kodi ya majengo, mara nyingi utaiona kwenye kodi yako ya pango mkataba unapofika mwisho. Kabla ya kuhama, chukua karatasi uandike mshahara, pango, bima ya gari na manunuzi ya mwezi, kisha linganisha majimbo mawili. Usihame kwa sababu ya kodi moja.

Je, jimbo likipunguza kodi, uchumi hukua?

Swali hili lina majaribio yake, na Kansas ndilo darasa kubwa. Mwaka 2012 Gavana Sam Brownback alitia saini sheria iliyoshusha kiwango cha juu cha kodi ya mapato kutoka asilimia 6.45 hadi 4.9, na kufuta kabisa kodi ya jimbo kwa mapato ya aina fulani za biashara. Mwenyewe aliiita jaribio. Hoja ilikuwa kwamba wafanyabiashara wataajiri zaidi na pengo litajizibа lenyewe.

Halikujiziba. Mapato ya jimbo yalishuka kwa karibu dola milioni 700 katika mwaka mmoja wa fedha. Karibu kila jimbo la Marekani hulazimika kusawazisha bajeti yake, haliwezi kukopa kama serikali kuu ili kulipa matumizi ya kila siku, kwa hiyo Kansas ilianza kuchota: fedha za barabara zikahamishwa, na mwaka 2015 kodi ya mauzo ikapandishwa kutoka 6.15 hadi 6.5. Yaani aliyekuwa na kampuni alisamehewa, na aliyenunua mkate akaongezewa. Mwaka huohuo baadhi ya wilaya za shule zilifunga muhula mapema kwa kukosa fedha. Juni 2017 bunge lenye Warepublican wengi, chama cha gavana mwenyewe, lilifuta sehemu kubwa ya sheria hiyo na kuipindua kura yake ya turufu.

Wanaotetea upunguzaji hutaja North Carolina, na ni haki kuitaja. Hiyo ilianza mwaka 2014 kwa kiwango kimoja cha asilimia 5.8 badala ya ngazi tatu, ikaendelea kushusha polepole hadi 4.25 mwaka 2025, huku ikipanua orodha ya huduma zinazotozwa kodi ya mauzo. Haikuanguka kama Kansas. Ila waliacha pia nafuu ya kodi ya jimbo kwa wafanyakazi wa kipato cha chini ife mwishoni mwa 2013, na hilo husahaulika katika sifa.

Msimamo wangu ni huu: mtu akikuambia atapunguza kodi, muulize pengo litazibwa na nini, na nani atalizibа. Kama hana jibu, jibu ni shule ya mtoto wako.

Kuna jimbo lililoongeza kodi badala ya kupunguza?

Massachusetts. Novemba 2022 wananchi walipiga kura kuongeza asilimia 4 juu ya mapato yanayozidi dola milioni moja kwa mwaka, fedha zitumike kwa elimu na usafiri. Katika mwaka wake wa kwanza kamili wa fedha ilileta zaidi ya dola bilioni 2. Zimesaidia kulipia chakula cha bure shuleni, na kuanzia 2024 wakazi wa jimbo wasio na shahada wanaweza kusoma vyuo vya jamii bila ada. Kwa jamii yetu, yenye akina mama wengi wanaorudi darasani wakiwa na miaka 35 au 40, hilo ni jambo kubwa.

Jirani yangu wa California ana nyumba kama yangu, mbona analipa kodi ya majengo kidogo mno?

Kwa sababu aliinunua zamani. Juni 1978 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 13, lililosukumwa na Howard Jarvis na Paul Gann. Kodi ya majengo ilifungwa kwenye asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Liliwaokoa wazee waliokuwa karibu kupoteza nyumba zao. Lakini mgeni anayenunua leo hubeba mzigo mkubwa kuliko mwenyeji, na fedha za shule zikahama kutoka mtaani kwenda Sacramento, mji mkuu wa jimbo.

Naweza kumpeleka mtoto shule ya binafsi kwa fedha za jimbo?

Katika majimbo kadhaa, ndiyo. Mpango wa kwanza wa vocha (fedha za umma za kulipia ada ya shule ya binafsi) wa zama hizi ulianza Milwaukee, Wisconsin, mwaka 1990, kwa familia za kipato cha chini. Mwaka 2022 Arizona ilifungua milango kwa kila mtoto: jimbo huweka takriban dola 7,000 kwa mwaka kwenye akaunti, mzazi akalipia ada, vitabu au mwalimu wa nyumbani. Iowa, Utah, Arkansas na Florida zilifuata kwa sheria za mwaka 2023. Mei 2025 Gavana Greg Abbott alitia saini mpango wa Texas wa dola bilioni 1.

Wazazi Waislamu na Wakristo huuliza kama shule ya dini inaruhusiwa. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2020, katika kesi iliyotoka Montana, na tena 2022, katika kesi iliyotoka Maine, kwamba jimbo likiamua kufadhili shule za binafsi haliwezi kuzitenga nyingine kwa sababu tu ni za dini.

Sasa sikiliza upande wa pili kabla hujajaza fomu. Shule ya binafsi inaweza kumkataa mtoto. Ada yake inaweza kuzidi kile kilichowekwa kwenye akaunti, na tofauti ni yako. Basi la njano huenda lisipite. Na mtoto mwenye ulemavu, akihamishiwa binafsi na mzazi, hupoteza sehemu kubwa ya haki anazopewa na sheria ya serikali kuu katika shule ya umma. Hilo la mwisho litafakarini vizuri, kwa sababu haliandikwi kwa herufi kubwa kwenye matangazo.

Wapiga kura wenyewe wamegawanyika. Novemba 2024 Kentucky ilipiga kura kuamua kama katiba ya jimbo iruhusu fedha za umma ziende nje ya shule za umma. Takriban asilimia 65 walikataa, na pendekezo lilishindwa katika kaunti zote 120. Kaunti nyingi kati ya hizo zilimpigia kura Donald Trump siku hiyohiyo, naye anaunga mkono vocha. Ukifikiria, inaeleweka: kijijini shule ya umma ndiyo mwajiri, ndiyo uwanja wa mpira na ndiyo ukumbi wa msiba, na shule ya binafsi ya kupeleka vocha haipo.

Shule za chata ni zilezile za vocha?

Hapana. Shule ya chata ni ya umma, haina ada, ila huendeshwa kwa mkataba na huwa huru na baadhi ya kanuni. Minnesota ndiyo ilipitisha sheria ya kwanza, mwaka 1991. Kabla ya kumwandikisha mtoto, uliza kama wana walimu wa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza na kama wana basi.

Mtoto hana karatasi za uhamiaji. Shule inaweza kumkataa?

Hapana. Texas ilipitisha sheria mwaka 1975 iliyoruhusu wilaya kuwanyima shule watoto wasio na hati, na mji wa Tyler ukadai dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa namna hiyo. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, Mahakama Kuu iliifuta kwa kura 5 dhidi ya 4. Hukumu hiyo inafunga majimbo yote. Nayo kesi ya Lau, iliyoanzishwa na familia za Kichina za San Francisco, iliamuliwa mwaka 1974: mtoto asiyejua Kiingereza lazima asaidiwe kuelewa masomo, haitoshi kumweka darasani na kumpa kitabu kilekile.

Haki hii si ya kuichukulia kirahisi. Mwaka 2025 Seneti ya Tennessee ilipitisha mswada wa kuigusa hukumu ya 1982. Haukuwa sheria mwaka huo. Wazazi, walimu na watoto wenyewe walijaza kumbi za bunge kuupinga, na nasema wazi kwamba nilifurahi. Mtoto hakuchagua mpaka aliouvuka.

Kwa nini kila mtu anaitaja Mississippi kuhusu kusoma?

Kwa sababu jimbo maskini lilifanya kitu ambacho majimbo tajiri yalishindwa. Mwaka 2013 Mississippi ilikuwa ya 49 katika mtihani wa taifa wa kusoma wa darasa la nne. Mwaka 2024 ilikuwa miongoni mwa kumi za juu.

Msomaji wa Kiswahili ataelewa siri yake haraka kuliko Mmarekani. Sisi tulifundishwa a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu, na mtoto akishashika sauti anasoma hata neno asilolijua maana. Kiingereza hakiandikwi kinavyosemwa, na kwa miaka mingi shule nyingi za Marekani zilimfundisha mtoto kubahatisha neno kwa kutazama picha na sentensi. Sheria ya Mississippi ya 2013 ilirudisha sauti na herufi. Walimu waliokuwa kazini tayari wakafundishwa upya, jimbo likatuma wakufunzi wa kusoma kukaa ndani ya shule dhaifu, na watoto wadogo wakapimwa mapema ili anayebaki nyuma ajulikane kabla hajazoea kujificha.

Kuna na upande mkali: mtoto wa darasa la tatu asiyefaulu mtihani wa kusoma hurudia darasa, isipokuwa ana sababu zilizotajwa kisheria. Wakosoaji husema kurudisha watoto hupandisha wastani wa darasa la nne, na kwamba darasa la nane halijapanda kwa kasi ileile. Ukosoaji huo una uzito. Lakini kurudisha watoto bila walimu waliofundishwa ni adhabu tu, na majimbo yanayoiga kipande hicho peke yake yanaiga kibaya zaidi.

Nyumbani, endeleeni kumsomesha mtoto Kiswahili. Mtoto aliyekwisha kuelewa kwamba herufi ni sauti anaingia darasa la Kiingereza na ufunguo mkononi.

Nasuka nywele nyumbani. Nahitaji leseni?

Inategemea jimbo, na hapa dada zetu wamepigana vita vya kweli. Miaka ya 1950 takriban mfanyakazi mmoja kati ya 20 alihitaji leseni ya jimbo. Leo ni takriban mmoja kati ya watano. Bodi nyingi ziliwachukulia wasusi kama wataalamu wote wa saluni, wakatakiwa kusoma kukata nywele, kuweka dawa na kupaka rangi, vitu ambavyo msusi wa rasta havigusi.

Jestina Clayton alitoka Sierra Leone akaishi Utah, akisuka kwa ufundi aliojifunza utotoni. Akaambiwa apate leseni ya urembo, yenye takriban saa 2,000 za masomo. Alikwenda mahakama ya shirikisho, na mwaka 2012 jaji akasema sharti hilo kwa msusi halipatani na Katiba. Huko Texas, Isis Brantley wa Dallas alikamatwa mwaka 1997 kwa kusuka bila leseni. Alipigania jambo hilo miaka mingi mpaka 2015, jimbo lilipoondoa masharti yake. Iowa na Kentucky ziliwaachia wasusi mwaka 2016.

Hata hivyo, usiende kwa kusikia. Ingia kwenye tovuti ya bodi ya urembo ya jimbo lako, utafute neno la kusuka. Kusuka kunaweza kuwa huru, lakini ukiweka dawa ya kulainisha au ukikata nywele, leseni inarudi.

Na mandazi, visheti, kashata?

Majimbo yote sasa yana aina fulani ya sheria inayoruhusu kuuza chakula kilichopikwa jikoni kwako. New Jersey ilikuwa ya mwisho kuwaruhusu waokaji wa nyumbani, mwaka 2021. Kwa kawaida kinachokubalika ni kile kisichohitaji friji: mikate, biskuti, jamu, peremende. Kashata na visheti huwa na nafasi nzuri. Mandazi, kwa kuwa hukaangwa, ulizia kwanza. Sambusa za nyama karibu kila mahali huhitaji jiko lililokaguliwa. Wyoming ndiyo iliyolegeza zaidi, kwa sheria yake ya 2015. Kuna majimbo yanayoweka kikomo cha mauzo kwa mwaka na kutaka lebo yenye viungo. Lebo hiyo iandike kwa moyo mmoja: mzio wa karanga huua.

Ndugu yangu ni daktari kutoka nyumbani, anaendesha teksi. Hakuna njia?

Njia inafunguka. Mwaka 2023 Tennessee ilikuwa ya kwanza kupitisha sheria ya leseni ya muda kwa madaktari waliosomea nje bila kurudia mafunzo yote ya hospitalini Marekani, wakifanya kazi chini ya hospitali inayowasimamia. Majimbo mengine yamefuata, kila moja na masharti yake. Mitihani ya taifa ya udaktari bado anatakiwa kuifaulu. Sheria ya Arizona ya 2019 ya kutambua leseni za nje inahusu zile za majimbo mengine ya Marekani, siyo za Dar es Salaam au Kinshasa, wengi huichanganya.

Mimi si raia. Nani atanisikiliza?

Kura usipige, wala usijiandikishe hata mfanyakazi wa ofisi ya leseni ya gari akikuwekea fomu mbele. Asiye raia akipiga kura anaweza kushtakiwa na kufukuzwa nchini.

Kuzungumza ni jambo jingine. Mabunge mengi ya majimbo huanza vikao Januari, na kamati zake hupokea maoni ya watu hadharani. Tafuta namba ya mswada kwenye tovuti ya bunge, uangalie siku ya kusikilizwa na ujiandikishe mapema. Utapewa dakika mbili au tatu, kwa hiyo andika maneno yako, uyasome nyumbani ukiangalia saa, uanze na mji unaoishi na kazi unayofanya. Kama Kiingereza hakijakaa sawa, uliza siku kadhaa kabla kuhusu mkalimani, au tuma maandishi. Bodi ya shule ya wilaya hufanya vivyo hivyo, jioni, karibu na nyumbani, na viti vingi huwa vitupu.